Kijiko cha Asubuhi

Tromsø, 16 Novemba 1994

Mama,

Chupa zako tatu za mafuta ya ini zimefika salama, ila moja ilivuja kidogo ikalowesha soksi ulizozifungia. Sasa natembea nikinuka ini mpaka kazini. Wenzangu kiwandani hawajagundua, maana kule kila mtu ananuka samaki.

Naandika kwa sababu nimekasirika na hapa sina wa kumkasirikia. Kichwa bado kinaniuma. Si kile cha kumeza kidonge ukasahau. Hiki kinanikuta kitandani asubuhi kabla sijafumbua macho, na nikilala chali ndiyo kinazidi. Nikikaa kinapoa kidogo, nikadhani nimepona. Halafu nafika kazini, nainama juu ya meza ya taa kutoa minyoo kwenye minofu, na kichwa kinajaa mpaka nahisi macho yatatoka yenyewe. Juzi nilipojinyanyua kutoka mezani kila kitu kikawa cheusi. Sikuzimia, Mama. Nilikuwa nimesimama, redio naisikia, Asbjørn msimamizi namsikia akilalamika kama kawaida yake, ila sioni kitu. Kisha macho yakarudi.

Nikaenda kwa daktari wa mtaa. Aliiangalia saa yake zaidi kuliko alivyoniangalia mimi. Eti ni kipandauso, na kosa ni la meza ya taa. Kaniandikia vidonge na kuniambia ninywe maji mengi. Nimekaa kwenye meza ile miaka minne, na taa ni ileile. Nilimwambia hivyo, akasema mwili hubadilika.

Na jambo jingine, usinicheke. Masikio yananivuma. Shuu, shuu, shuu, sambamba kabisa na mapigo ya moyo. Nikiweka kichwa kwenye mto ndiyo basi tena, hakuna kulala.

Ni mimi, mwenye kununa,
Hildegunn


Kvalneset, 24 Novemba 1994

Hildegunn mwanangu,

Barua yako nimeipata na mimi ni mzima, kwa hiyo tuache salamu tuingie kwenye ugomvi.

Kwanza masikio. Hayo umeyatoa kwangu. Yangu yalianza kuvuma nikiwa na umri kama wako, na sasa mjomba wako Eilert akisimama mlangoni akapiga kelele namsikia kama inzi kwenye kopo. Simu ndiyo usiseme. Huo si ugonjwa, ni urithi, na unisamehe, sikuwa na kingine cha kukuachia.

Pili, huyo daktari wako hana akili, lakini jua nalo huku kaskazini limeshaondoka na halirudi mpaka Januari. Nani asiyeumwa kichwa wakati huu? Mtu anaamka gizani, anafanya kazi kwenye taa, anarudi gizani. Hapa dawa ni moja, na wewe unaijua. Unakunywa mafuta? Nakuuliza na jibu ninalo. Unakunywa siku ukikumbuka, na ukikumbuka unakunywa kijiko cha chai kama mtoto mchanga. Nimesema kijiko cha chakula. Kila asubuhi, kabla ya kahawa.

Na safari hii usichezee. Mwezi wa kumi Eilert alivua samaki bapa mkubwa kama mlango wa ghala, walimvuta watatu. Ini lake nimelichemsha mwenyewe kwenye sufuria ya marehemu bibi yako, nikalichuja mara mbili. Haya mafuta ya chewa ya dukani ni maji matupu ukilinganisha na haya. Mimi nami nakunywa kijiko changu kila siku nikiwa nimesimama dirishani, na niangalie: miaka sitini na mitatu, kuni napasua mwenyewe.

Kunywa, halafu ndiyo uniandikie kuhusu kichwa.

Mama


Tromsø, 15 Desemba 1994

Mama,

Nakunywa. Kijiko cha chakula, tangu siku barua yako ilipofika, na wiki mbili hizi naongeza kingine jioni. Usiniulize tena.

Nilirudi kwa daktari nikamwambia sitoki mpaka anitume kwingine. Akanituma hospitali wakanipiga picha ya kichwa kwa mionzi, nimelala kwenye lile pipa lao, na kulala chali kwenyewe nimeshakwambia kulivyo. Nikapewa majibu na kijana mmoja mwenye koti jeupe. Ana furaha kweli. Kasema picha ni safi, hakuna uvimbe, hakuna damu, kichwani hamna kitu. Nikamwambia hata wewe, Mama, huwa unaniambia hivyo bila mashine. Hakucheka.

Nikamuuliza, kama hamna kitu mbona naumwa? Akasema picha haidanganyi, akaanza kuniuliza kama nina huzuni, kama nina mchumba, kama giza linanisumbua. Mama, nimezaliwa kwenye giza hili. Nimemwambia kwamba siku hizi naona vitu viwili viwili: taa mbili za barabarani badala ya moja, zimesimama bega kwa bega, na nikitazama mbali ndiyo zinaachana zaidi. Akaandika "uchovu". Nilimwona akiandika. Nikaondoka na karatasi ya kununua taa maalumu ya kuniondolea huzuni.

Nilitamani kumtupia kiatu. Nikafika nyumbani nikalia, na kulia kukaongeza maumivu, kwa hiyo hata kulia siwezi.

Sasa nalala nimekaa kwenye kiti. Na kwa kuwa najua utauliza: nakula. Ila midomo imenipasuka yote, ngozi ya mikono inabanduka, na nikichana nywele kitana kinajaa. Asbjørn anasema nitamalizika kabla ya Krismasi wakose mtu wa meza ya mwisho.

Hildegunn


Kvalneset, 21 Desemba 1994

Mwanangu,

Nimeisoma barua yako kwa sauti mbele ya Eilert, na Eilert ametukana mpaka paka akatoka nje. Taa ya huzuni. Mtu anawaambia anaona vitu viwili wanampa taa aone vingine viwili.

Midomo ni baridi. Nywele ni kwa sababu hulali. Nimekutumia kifurushi cha Krismasi: soksi, mkate wa karamu, na mafuta mengine, yote yaliyokuwa yamebaki kwenye ile sufuria. Pia nimekufungia maini ya chewa, uyapike na samaki kama tunavyofanya hapa, na mchuzi wake uunywe. Ongeza vijiko viwe vitatu mpaka jua lirudi. Mwili uliochoka unataka zaidi, si pungufu.

Usihofu kuhusu mimi. Mimi nina ya kwangu na ninakunywa.

Nyumba imekuwa kubwa bila wewe. Nilipokuwa napaka siagi kwenye mkate wa karamu nilikata vipande viwili, kisha kimoja nikampa Eilert, na yeye hapendi mkate wa karamu.

Mama


Tromsø, 19 Januari 1995

Mama,

Kaa chini usome hii umekaa.

Juzi nilifika kwa daktari wa macho baada ya kungoja foleni tangu kabla ya Krismasi. Ni mwanamke, anaitwa Daktari Myrvang, mtu mzima, mwenyeji wa visiwa vya kaskazini. Hakuniuliza kuhusu huzuni. Alinitia matone kwenye macho, akazima taa, akasogea na kile kioo chake. Alikuwa anaongea kuhusu barafu ya barabarani, akaikatiza habari katikati. Akatazama jicho la pili. Akaniuliza: "Kichwa kinauma zaidi ukilala? Masikio yanavuma sambamba na moyo? Macho yanakuzimikia ukiinuka?" Nikasema ndiyo, ndiyo, ndiyo, na hapo nikaanza kulia, kwa sababu yale yote nimeyasema kwa watu tangu Novemba, na huyu ndiye wa kwanza kuyasema yeye.

Neva za macho zimevimba, zote mbili, pale zinapoingia nyuma ya jicho. Amenieleza hivi: ubongo unaogelea kwenye maji, na fuvu ni mfupa, halitanuki. Maji yakiwa na msukumo mkubwa yanatafuta pa kwenda, na pa kwenda ni kwenye ala ya neva ya jicho. Kwa hiyo jicho ndilo linalobanwa. Siku ileile akanipeleka kwenye mashine ya sumaku, ile inayogonga kama mtu anatengeneza boti. Kisha akanikalisha mbele ya picha zangu. Macho hayakuwa duara, Mama. Kwa nyuma yamekuwa bapa, kama mtu ameyasukuma kwa kidole gumba. Ile tezi ndogo chini ya ubongo imebonyezwa ikalala kama karatasi, na mishipa mikubwa inayotoa damu kichwani imesinyaa. Uvimbe hakuna. Yule kijana alisema kweli kwamba hamna uvimbe, ila hakuna aliyemfundisha atazame vitu vingine.

Wakanichoma sindano mgongoni wapime msukumo. Maji yalipanda kwenye mrija yakafika juu kabisa, wakaunga mrija mwingine. Walipotoa kidogo, mvumo ukaacha. Nikasikia kimya. Nilikuwa nimesahau kinavyokuwa.

Ila mvumo ulirudi kabla ya asubuhi.

Wanachoniambia ni hiki: msukumo usiposhuka, nitapofuka. Si labda. Tayari kuna kipande cha uoni, chini upande wa kushoto, kimekufa. Nimepewa vidonge vinavyofanya vidole viwashe na kahawa iwe na ladha ya bati. Kinachowatatiza ni sababu. Wanasema ugonjwa huu huwapata zaidi wanawake walionenepa ghafla, na mimi suruali zinanidondoka. Waliniuliza kama natumia dawa yoyote, vidonge vya chunusi, vya uzazi, vitamini za kopo. Nikasema hapana, situmii dawa yoyote. Wakaandika "sababu haijulikani".

Kazini nimeambiwa nisirudi. Kiti changu Asbjørn amempa msichana mwingine.

Hildegunn


Kvalneset, 25 Januari 1995

Hildegunn,

Barua yako nimeisoma nimekaa, kama ulivyotaka.

Ningekuja leo, lakini bahari imechafuka na meli ya pwani imepita bila kutia nanga mara mbili. Nimekaa kwenye kiti cha baba yako natazama nje, sioni kitu, nikajaribu kufumba jicho la kushoto, kisha la kulia. Nimefanya hivyo siku nzima kama mwehu.

Wasikilize hao madaktari, hasa huyo mama. Meza vidonge vyao. Na usiache mafuta, nakusihi. Kama vidonge vinakutoa nguvu, mafuta yatakurudishia. Vijiko vitatu. Mafuta ndiyo yaliyowafanya watu wa hapa waone gizani miaka yote, muulize huyo daktari wako kama kwao hawakufundishwa hivyo.

Mjomba wako anakusalimu. Amekwenda kulala mapema, si kawaida yake.

Mama yako


Tromsø, 8 Februari 1995

Mama,

Samahani kwa mwandiko. Naandika kwa kalamu nene ya kuandikia maboksi, vinginevyo mistari inapandana.

Vidonge havisaidii. Wamenichoma sindano mgongoni mara tatu, kila mara nafuu ya usiku mmoja, kisha shuu shuu inarudi kuninyanyasa. Kile kipande cheusi kinakua. Jana nilimimina kahawa mezani pembeni kabisa ya kikombe. Sasa wameamua kunipasua: watatoboa fuvu waweke mrija upite chini ya ngozi mpaka tumboni, maji yawe yanashukia huko. Siku iliyopangwa ni tarehe kumi na sita. Wanasema mrija huo huziba na huharibika, na mtu hurudi kupasuliwa tena na tena. Nina miaka ishirini na saba.

Nimechoka, Mama. Nimechoka kuulizwa, kuchomwa, kulazwa chali. Nimechoka kuambiwa "sababu haijulikani" kana kwamba ni jina la ugonjwa. Kila mtu hapa ni mpole, na upole wao unanichosha kuliko ukali wako.

Jana Daktari Myrvang alinishika mikono akatazama ngozi inavyobanduka. Akatazama midomo. Akaniuliza ghafla: "Unakula maini?" Nikamwambia nakula, na mafuta nakunywa, nani asiyekunywa? Akacheka. Akasema hata yeye amekunywa kijiko chake asubuhi, amelelewa nayo. Kisha akaacha kucheka, akaniambia mafuta ya ini yana vitamini A, na vitamini A ikizidi mno mwilini inaweza kupandisha msukumo kichwani. Akauliza nakunywa kiasi gani. Nikamwambia vijiko vitatu. Akakunja uso. Nikamwambia lakini mama yangu anakunywa hayohayo, chupa hiyohiyo, sufuria moja, miaka yote, na ni mzima anapasua kuni. Akafikiri, akasema basi huenda si hayo, kwa kuwa yangekuwa na sumu yangekuangusha wewe kwanza, na kwa mafuta ya kawaida ya chewa vijiko vitatu havitoshi kuleta balaa hili. Damu yangu imepelekwa Oslo kupimwa, majibu yatakuja baada ya upasuaji. Kuahirisha upasuaji kwa dhana tu hawathubutu, kwa sababu jicho halingoji.

Kwa hiyo nakuuliza, na unijibu kama mtu mzima kwa mtu mzima. Unakunywa kiasi gani hasa? Vitatu kama mimi? Kimoja? Niandikie nimwambie.

Naogopa. Sijawahi kukuambia hivyo, hata Baba alipokufa.

Hildegunn


Kvalneset, 12 Februari 1995

Hildegunn,

Barua hii anakuletea Eilert kwa mkono wake. Bahari bado mbaya, anakwenda hivyohivyo. Jana nilimwambia apige simu hospitalini kutoka dukani. Mtu akapokea, akasema daktari atapiga. Tumekaa dukani mpaka wanafunga, hakuna aliyepiga. Sasa mpe daktari barua hii aisome kabla mtu yeyote hajagusa kichwa chako.

Daktari, mimi ni Ragnfrid, mama yake Hildegunn. Sinywi mafuta hayo. Sijanywa hata tone tangu yalipochemshwa. Kila nilipomwandikia kwamba nakunywa nilimdanganya, kwa sababu ni mbishi, na nilijua asipodhani nakunywa na mimi asingekunywa yeye. Msinitumie mimi kama kipimo. Na mafuta yenyewe si ya chewa. Ni ya ini la samaki bapa mkubwa, karibu yote. Nilimwandikia hivyo Novemba, lakini kwa macho aliyonayo na kichwa alichonacho sidhani alikumbuka kuwaambia, na nyinyi hamkuuliza ni samaki gani. Eilert ana chupa ya mwisho, niliyokuwa nimemwekea akiba ya kumtumia. Ipimeni.

Sasa wewe, mwanangu. Unaweza kuacha kusoma hapa kama umeshanichukia.

Ulipoulizwa kuhusu dawa ukasema hutumii, sikukulaumu. Mimi ningejibu hivyohivyo. Nani anaita mafuta dawa? Ni kama kuulizwa kama unatumia mkate. Lakini kila ulivyozidi kuumwa mimi nilizidi kumimina. Umesema midomo, nikakwambia baridi. Umesema nywele, nikakwambia usingizi. Masikio nikayapokea kama sifa. Usiku huu nimezitoa barua zako zote nikazipanga mezani, na yote yapo, uliniandikia kila kitu, na mimi kila mara nilijibu kwa kijiko.

Unataka kujua kwa nini sikunywa. Ini lilikuwa moja, na mtoto ninaye mmoja. Yalitoka chupa chache tu. Nilipiga hesabu nikaona zitakufikisha wewe mpaka jua lirudi, na mimi nilikwisha kuyaona majira ya giza ya kutosha.

Acha kuyanywa leo.

Mama


Tromsø, 24 Aprili 1995

Mama,

Umekuwa unaniandikia kila wiki na sikujibu. Najua. Eilert ameniambia hulali.

Sikujibu kwa sababu nilikuwa na hasira na wewe, na nilitaka niwe nayo kwanza mpaka iishe, maana ningeandika ningeandika vibaya. Nilikuwa napigana na madaktari majira yote ya baridi kumbe ugomvi uko kwenye kabati langu la jikoni, umefungwa kwa soksi. Nilikuchukia wiki nzima kamili. Sasa nimekwambia, basi.

Daktari Myrvang aliisoma barua yako akiwa amesimama kwenye korido, Eilert pembeni na buti zake zinachuruzika maji. Akaisoma mara mbili. Akaenda mwenyewe kuwatoa wapasuaji kwenye mpango wao, na niliwasikia wakibishana ukuta wa pili. Wakakubali kungoja siku chache, wakinichoma sindano kila siku. Majibu ya Oslo yalipokuja, alinionyesha namba akasema hajawahi kuiona namba kama ile kwa mtu anayetembea. Chupa ya Eilert ilikuwa na vitamini A kushinda ya dukani mara nyingi sana. Anasema ameacha kuwauliza wagonjwa kama wanatumia dawa. Anawauliza wanakunywa nini asubuhi kabla ya kahawa, na mafuta ya samaki gani, na nani kayachemsha.

Hakuna mrija. Sikupasuliwa.

Msukumo umepungua polepole, lakini mwezi wa tatu niliamka asubuhi nimelala chali, nikabaki hivyohivyo muda mrefu nikingoja kuumwa, na sikuumwa. Taa za barabarani zimerudi kuwa moja moja. Wiki iliyopita wamenipiga picha nyingine kwenye mashine ya sumaku: macho yamerudi duara kwa nyuma, au karibu duara. Kile kipande cha chini kushoto hakijarudi, na ameniambia kwa upole wake kwamba hakitarudi. Kwenye meza ya taa sitafaa tena. Nimegonga goti kwenye kila kiti cha nyumba hii. Lakini barua zako nimezisoma mwenyewe, zote, japo umeziandika kwa kalamu yako ileile nyembamba.

Ile sentensi ya ini moja na mtoto mmoja nimeisoma mara nyingi kuliko nyingine. Nilitaka iniudhi na haikuniudhi.

Kwenye kifurushi hiki kuna chupa moja. Ni ya dukani, ya chewa, yale unayoyaita maji matupu. Kijiko cha chai, kimoja, kila asubuhi. Umepita majira yote ya giza bila kitu, na Eilert anasema mikono inakutetemeka ukishika shoka. Nimemwambia asimame dirishani akutazame ukinywa, kwa sababu kwa maandishi sikuamini tena.

Nakuja Mei. Mkate wa karamu ukate vipande viwili.

Hildegunn